Anahudumiwa na Wenzetu: Mafunzo kuhusu ushirikiano wa mashirika tunapoanzisha mradi mpya

Na Mratibu wa Miradi ya Dayosisi

Mwaka 2009 nilikuwa afisa mradi mgeni katika idara ya diakonia. Tulikuwa tumepata fedha za mradi mpya wa kusaidia watoto walio katika mazingira hatarishi katika kata tatu. Moja ya kazi zangu za kwanza ilikuwa kugawa sare za shule. Nilifika kwa bibi mmoja aliyekuwa akimlea mjukuu wake wa miaka tisa, nikamwamkia, nikajaza fomu yangu, nikamkabidhi sare. Alishukuru sana. Kisha akaingia chumbani, akatoka na sare nyingine mbili mpya za kipimo kilekile. Moja ilitoka kwa shirika la mjini, nyingine kwa kanisa jirani.

"Mwanangu, Mungu awabariki," akasema. "Lakini mtoto mwenyewe ana mwili mmoja tu."

Tulicheka wote wawili. Wiki chache baadaye mtoto yule alilazwa akiwa na hali mbaya. Alitakiwa kuhudhuria kliniki kila mwezi katika hospitali ya wilaya, naye alikuwa hajaenda kwa miezi minne kwa kukosa nauli. Ndipo mashirika matatu tulipoketi pamoja kwa mara ya kwanza na kuweka fomu zetu mezani. Katika sehemu ya afya, kila mmoja wetu, mimi nikiwemo, alikuwa ameandika maneno yaleyale: anahudumiwa na wenzetu.

Mungu alimjalia mtoto akapona, ila alipoteza mwaka wa shule. Tuligundua na jambo la pili. Nyumba ya jirani aliishi kijana wa miaka kumi na sita aliyekuwa akiwalea wadogo zake wawili. Hawakuwa kwenye orodha ya shirika lolote, kwa sababu siku za utambuzi kijana huyo alikuwa kibaruani.

Hakuna kati yetu aliyekuwa mvivu, na fedha hazikukosekana. Kilichokosekana ni makubaliano ya nani anafanya nini, kwa nani, na nani anahakikisha kwamba limefanyika. Somo hili linahusu namna ya kufikia makubaliano hayo kabla mradi haujaanza.

USHIRIKIANO SI JAMBO GENI KWETU

Kanisa letu lenyewe ni tunda la ushirikiano. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Mwaka 1992 Serikali na makanisa walitia saini hati ya makubaliano kuhusu huduma za jamii, na mwaka huohuo ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii (CSSC). Ndiyo maana katika wilaya kadhaa hospitali ya kanisa imekuwa hospitali teule ya wilaya, ambapo mgonjwa hatakiwi kujali jengo ni la nani.

Katika mapambano dhidi ya UKIMWI, mwaka 2004 wadau wa kimataifa walikubaliana juu ya kanuni ya "moja tatu": kila nchi iwe na mpango mmoja, chombo kimoja cha uratibu, na mfumo mmoja wa ufuatiliaji na tathmini. Kanuni hii ilitokana na tatizo ambalo bibi yule alilieleza kwa sare tatu. Kila mfadhili alikuwa na mpango wake, kamati yake na fomu zake, na watumishi wachache wa wilaya walimaliza siku zao wakijaza taarifa.

Hapa Tanzania, mpango wa taifa wa watoto walio katika mazingira hatarishi wa mwaka 2007 hadi 2010 uliweka kamati za watoto katika vijiji na mitaa. Baadaye kamati ziliongezeka, kila jambo na kamati yake, na mara nyingi wajumbe walikuwa walewale. Mpango wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto (MTAKUWWA), ulioanza mwaka 2017, ulikusanya mipango minane kuwa mmoja na kuelekeza ziwepo Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa.

Kwa hiyo funzo la kwanza ni hili: kabla ya kuunda kamati ya mradi wako, tafuta kamati iliyopo. Ikiwa imelala, iamshe. Kamati mpya huongeza vikao, na mradi ukiisha hufa nao.

KWA NINI TUNASHINDWA?

Wote tunasema "umoja ni nguvu", lakini utekelezaji hutushinda. Kwa uzoefu wangu, sababu kubwa ni hizi:

- Idadi ya walengwa. Kila shirika limemwahidi mfadhili wake idadi fulani ya watu. Kumpeleka mtoto kwa shirika jingine kunaonekana kama kupoteza namba.
- Kalenda tofauti. Halmashauri hupanga bajeti kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai. Wafadhili wengi hufuata Januari au mwezi mwingine. Mradi ukifika Oktoba, afisa wa serikali hana hata mafuta ya pikipiki aliyoyapangia kazi hiyo.
- Posho. Shirika moja likilipa posho kubwa kwa kikao na jingine likatoa chai tu, wajumbe huenda kwenye posho.
- Hofu ya imani. Ndugu Waislamu huweza kujiuliza kama msaada wa kanisa una masharti, nasi huweza kuwa na mashaka kama hayo kwao. Hofu hii haitajwi kikaoni, lakini huathiri nani anatambuliwa na nani anaachwa.
- Heshima ya kila mmoja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kila kiongozi anataka shirika lake litajwe kwanza.

Mambo haya hayaondoki kwa hotuba. Yanahitaji kuzungumzwa waziwazi mwanzoni, wakati bado hakuna aliyekosewa.

NGAZI TATU ZA USHIRIKIANO

Si lazima kila ushirikiano uwe wa kina. Ni vizuri kujua mnataka kufika wapi.

Ngazi ya kwanza ni kupashana habari. Kila shirika linafanya kazi yake, lakini linawaambia wengine liko wapi na linafanya nini. Ngazi hii ingetosha kuzuia sare tatu.

Ngazi ya pili ni kuratibu. Mashirika yanagawana maeneo au huduma, yanatumia orodha moja na kupeana rufaa. Ngazi hii ingezuia mtoto kukosa kliniki.

Ngazi ya tatu ni kuunganisha huduma mahali pamoja. Mfano mzuri ni Vituo vya Mkono kwa Mkono vilivyowekwa katika baadhi ya hospitali. Mtu aliyefanyiwa ukatili hupata hapo matibabu, huduma ya polisi, ushauri wa ustawi wa jamii na msaada wa kisheria, bila kusimulia mkasa wake upya katika ofisi nne tofauti. Ngazi hii ina gharama kubwa na inahitaji viongozi wa juu wakubaliane.

Miradi mingi ya dayosisi na halmashauri inahitaji ngazi ya pili. Mkijaribu ya tatu bila maandalizi mtakwama, na mkiridhika na ya kwanza bado kuna watakaoanguka katikati.

HATUA SABA ZA KUFUATA

1. Watembelee wenzako kabla ya kuandika andiko la mradi

Tumezoea kuandika andiko, kupata fedha, kisha kuwaita wadau kwenye "warsha ya uzinduzi" na kuwaeleza tulichoamua. Wakati huo nafasi yao imebaki kupiga makofi. Anza na afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Nenda kwa mtendaji wa kata, mganga wa zahanati na mwalimu mkuu. Nenda parokiani na msikitini. Waulize maswali matatu: mnafanya nini sasa, mnashindwa nini, na mradi gani uliopita uliwasumbua. Swali la tatu ndilo lenye hazina.

2. Tumieni orodha moja

Orodha ya walengwa iwe ya kijiji au mtaa, si ya shirika. Itengenezwe na kamati iliyopo, isomwe mbele ya viongozi wa mtaa, na kila shirika lichukue majina humo. Hapa tuna mfano wa TASAF. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulipoanza mwaka 2012, kaya zilitambuliwa kupitia mikutano ya vijiji. Sehemu ya ruzuku ilifuata masharti ya watoto kuhudhuria shule na wadogo kupelekwa kliniki. Ili mpango huo ufanye kazi, mwalimu, mhudumu wa afya na mtendaji walipaswa kutoa taarifa za kaya zilezile.

Orodha yoyote ina waliosahaulika. Baada ya utambuzi, tengeni siku mbili za kupita nyumba kwa nyumba jioni, wakati vibarua wamerudi. Ulizeni kila mtaa: nani hakuweza kuja mkutanoni? Kijana yule wa jirani angepatikana kwa swali hilo moja.

3. Kila hitaji liwe na jina la mtu

Hiki ndicho kiini cha somo. Chukueni karatasi kubwa. Upande wa kushoto andikeni mahitaji ya familia: chakula, sare na vifaa vya shule, matibabu, nauli ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, ulinzi, ushauri wa kiroho na kisaikolojia. Katika safu ya pili andikeni shirika linalohusika. Katika safu ya tatu andikeni jina la mtu, na katika ya nne jina la atakayeshika nafasi yake akisafiri.

Mtagundua mambo mawili. Kwanza, sare na madaftari zina wenyewe wengi, kwa kuwa ni rahisi kununua na hupendeza kwenye picha. Pili, nauli na cheti cha kuzaliwa havina mwenyewe. Msiondoke mezani mpaka kila mstari umepata jina. Mstari usio na jina usiandikwe "wote": kazi ikiandikwa ya wote, kila mtu anamsubiri mwenzake. Kama kweli hakuna anayeweza, andikeni "hakuna", mkaipeleke halmashauri. Angalau ukweli utajulikana.

4. Andikeni hati fupi ya makubaliano

Kurasa mbili zinatosha. Ziseme:

- lengo la pamoja na eneo la kazi;
- nani anafanya nini (karatasi yenu ya hatua ya tatu iambatanishwe);
- nani anagharamia nini, pamoja na kiwango kimoja cha posho na nauli kwa mashirika yote;
- taarifa gani zitashirikiwa, na nani anaruhusiwa kuziona;
- mlengwa anayehudumiwa na mashirika mawili anahesabiwaje katika taarifa za kila moja;
- mkitofautiana, nani anasuluhisha, na ndani ya siku ngapi.

Jambo la tano huondoa ugomvi wa namba. Mkikubaliana kwamba aliyemtambua mtoto na aliyemhudumia wote wanaweza kumtaja, kila mmoja akieleza huduma aliyoitoa, hakuna atakayeogopa kumtoa mtoto kwa mwenzake. Waelezeni wafadhili wenu mapema. Wengi huelewa wakielezwa kabla, si baada ya ukaguzi.

5. Rufaa irudi

Kumwambia mama "nenda ustawi wa jamii" si rufaa. Rufaa ni karatasi yenye vipande viwili. Kipande cha kwanza anakwenda nacho, na kipande cha pili kinarudi kwako kikieleza alifika lini, alipata nini, na nini bado. Kipande kisiporudi ndani ya wiki mbili, aliyetoa rufaa anafuatilia kwa simu au kwa miguu.

Sisi tulianza kuhesabu vipande vilivyorudi badala ya rufaa zilizotolewa. Mwanzoni tuliaibika, kwa maana vilikuwa vichache. Lakini vilituonyesha watu wanakwama wapi. Wengine walikuta ofisi imefungwa, wengine waliombwa fedha, na wengine hawakwenda kabisa kwa sababu walikuwa wakijificha. Kila sababu ina dawa yake.

6. Kaeni kikao kifupi kila mwezi, cha kuzungumza kesi

Vikao vingi vya wadau ni vya kusomeana taarifa. Badilisheni. Kikao kiwe cha saa mbili, kila mwezi siku ileile, ofisi ya kata. Waje wanaofanya kazi yenyewe, si wakurugenzi pekee. Zungumzeni familia tano ambazo mambo yao yamekwama, kila moja ipate azimio na jina la mtu. Kikao kijacho kianze kwa kuuliza maazimio hayo yamefikia wapi. Mwenyekiti awe wa serikali ya mtaa au kata, ili mradi ukiondoka kikao kibaki.

7. Pangeni mwisho tangu mwanzo

Mwezi Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika lake la USAID liliacha kutekeleza miradi. Miradi mingi ya afya na ya watoto barani Afrika ilisimama ghafla, mingine bila hata nafasi ya kuaga walengwa. Jambo hilo lilitufundisha kwamba mfadhili mkubwa naye anaweza kuondoka kwa siku moja.

Kwa hiyo katika kila mradi mpya ulizeni: fedha zikikoma kesho, nini kitabaki? Orodha ikiwa kwenye kompyuta ya shirika pekee, itaondoka nalo. Ikiwa kwenye rejesta ya kijiji, itabaki. Mtoa huduma wa kujitolea anayejulikana na zahanati ataendelea hata bila fulana ya mradi. Hatua za pili, ya tatu na ya tano hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji karatasi, simu na uaminifu.

SIRI ZA WATU

Kushirikiana si kutangaza mambo ya watu. Orodha ya pamoja ioneshe kwamba familia inahitaji nauli ya kliniki, lakini si lazima ioneshe ugonjwa. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai uangalifu katika kukusanya na kutoa taarifa za watu. Mwombeni mlezi ridhaa, mweleze ni nani wataona taarifa zake, na akikataa heshimuni uamuzi wake.

Hata hivyo, siri isiwe kisingizio cha kunyamazia ukatili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Hapo hakuna hiari. Kamati yenu ijue jina la afisa ustawi wa jamii na mahali lilipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kabla tukio halijatokea.

PAKITOKEA KUTOELEWANA

Kutatokea. Shirika moja litachelewa kuleta chakula, jingine litaingia kijiji lisichopangiwa. Msianze kwa barua za lawama zenye nakala kwa mkuu wa wilaya. Anzeni kwa kutembeleana. Mara nyingi utakuta mwenzako fedha zake zimechelewa naye anaona haya kusema. Wanapopigana tembo wawili, ziumiazo ni nyasi, na nyasi hapa ni yule mtoto asiyejua hata majina ya mashirika yetu.

Nasi tuwe tayari kukiri. Baada ya mkutano ule wa mwaka 2009, tulirudi kwa bibi yule, wawakilishi wa mashirika matatu pamoja, tukamwomba radhi. Alituuliza swali moja: "Sasa nauli namwomba nani?" Kwa mara ya kwanza tulikuwa na jina la kumpa. Sare mbili zilizozidi aliagiza mwenyewe zipelekwe kwa wale watoto wa jirani.

SOMO LA BIBLIA: MATENDO YA MITUME 6:1–7

Someni habari hii kwa pamoja. Kanisa la kwanza lilikuwa na huduma nzuri ya chakula, lakini wajane wa kundi moja walisahauliwa. Angalieni mitume walivyofanya. Hawakukanusha malalamiko. Waliwakutanisha watu, wakagawana kazi, na waliochaguliwa walitajwa mmoja mmoja kwa majina. Majina yote saba ni ya Kigiriki, jambo linaloonyesha kwamba pengine wengi wao walitoka upande uliokuwa umelalamika.

- Wajane waliosahauliwa katika eneo letu leo ni akina nani?
- Je, tunapopata malalamiko tunajitetea au tunasikiliza?
- Katika kamati zetu, je, walioachwa wana mjumbe wao?

MASWALI YA MAJADILIANO KWA VIKUNDI

1. Tajeni mashirika yote yanayohudumia familia katika kata yenu, yakiwemo ya serikali na ya dini nyingine. Ni yapi hamjawahi kuyatembelea?
2. Chukueni familia moja mnayoifahamu, bila kutaja jina lake. Jazeni karatasi ya mahitaji na majina. Mstari gani umebaki mtupu?
3. Rufaa ngapi mlizotoa miezi mitatu iliyopita mna hakika zilifika?
4. Kamati gani iliyolala katika kijiji au mtaa wenu inaweza kuamshwa badala ya kuunda mpya?
5. Mradi wenu ukikoma mwezi ujao, nani ataendelea kuwa na orodha?

Nawasihi wasomaji wetu wa sharika na majimbo: kabla ya kujaza fomu nyingine, chukueni zile za zamani mkatafute maneno "anahudumiwa na wenzetu". Kila mnapoyakuta, pigeni simu kwa hao wenzenu, mwulizeni kama ni kweli. Kazi hiyo inaweza kuanza wiki hii, bila fedha ya mfadhili yeyote.